Mstari Chini ya Migomba

Mwanangu Elinipa,

Shuleni nilifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Nimejaribu nikashindwa, kwa sababu uko chumba cha pili na ninakusikia ukifunga zipu ya begi, ukiifungua, ukiifunga tena. Hali yako naijua. Yangu ndiyo huijui, na kesho saa nne basi la Dodoma litakuwa limekuchukua.

Sitakuandikia habari za shuka, wala chandarua, wala watu wa kuwaogopa njiani. Shangazi yako wa Moshono amekwisha kukuambia hayo yote mara mbili, na mara ya pili kwa Kimeru ili yakuingie vizuri. Mimi nataka kuandika habari za droni.

Umeiacha mezani. Begi lake jeusi, rimoti, betri, mapanga ya akiba ya kuipaisha, vyote umevipanga kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Bibi alipokuuliza kwa nini huibebi, ulimjibu kwamba chuoni hakuna pa kuirushia, naye akaamini. Kisha jana, tukichambua maharage, ukasema bila kuniangalia kwamba siku ukijaliwa utatafuta ile ndogo ya kijivu, ile uliyoitaka tangu mwanzo. Ukaniuliza, "Nikienda kuchagua, niangalie nini?" Nikasema sijui. Mwanangu, nilikuwa najua. Lakini hilo lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu ile Jumapili, na niliogopa nikifungua mdomo nitalia kwa furaha juu ya maharage.

Hili ndilo jibu langu. Limechelewa kwa siku moja, na lina mengi zaidi ya uliyouliza. Lisome lote kabla hujalala, nakuomba.

Unakumbuka tulivyoanza. Baba yako alipofariki, tulibaki na simu yake, ile yenye ufa pembeni, na wewe ukawa unapiga picha za maua ya kahawa asubuhi kabla ya shule. Mimi nilikuwa nikikushikilia tawi. Baadaye nikaanza kupiga na mimi: mlima ukivaa ukungu, mlima ukivua, bibi akikama. Watu walituona kama wawili waliochanganyikiwa na msiba. Mimi najua kwamba zile picha ndizo zilizotufanya tutoke kitandani. Miaka ikapita, tukaanza kuzungumza juu ya kuliona shamba kutoka juu, kama mwewe anavyoliona. Tukauza ndama wawili, tukaingia mjini.

Yule kijana wa dukani, Godlisten, alituwekea mbili juu ya kioo. Ndogo ilikuwa nyepesi hata uliiinua kwa vidole viwili. Kubwa ilikuwa na kamera pana, na nyingine ya kuvuta vitu vya mbali, na macho madogo kila upande ya kuizuia isigonge miti. Godlisten alizisifia zote kama mzazi asiyetaka kubagua watoto. Alituambia pia, bila kuulizwa, kwamba yoyote tutakayochukua tutafute kibali chake, tusiirushe karibu na uwanja wa ndege wala ndani ya hifadhi, na kwamba mtu asikudanganye eti ndogo haina sheria. Nilimpenda kwa hilo. Nikamwambia hatununui kitu ambacho hatujakiona kikifanya kazi, naye akacheka, akafunga duka, tukapanda gari lake hadi Terrat, kule kwenye uwazi.

Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, na vumbi lake. Ndogo ilipaa ikalalia ubavu kama mtu anayetembea mtoni, ikasukumwa, ikang'ang'ana, lakini ilirudi ikatua kwenye kiganja cha Godlisten. Kubwa ilipaa ikasimama. Ilisimama angani kama imepigiliwa msumari. Ila kelele yake ilikuwa kubwa, na kundi la ng'ombe lililokuwa likila upande wa pili likatimua mbio.

Mwenye ng'ombe alikuja na fimbo yake begani, mzee wa Kiarusha, mwembamba, wala hakuonekana kukasirika. Ulimwamkia, akaitikia, kisha akanigeukia mimi.

"Mama, hilo nyuki lenu linatoa asali?"

Godlisten akamwambia hapana mzee, linatoa picha.

"Basi wapigeni picha ng'ombe zangu mpate kuwatambua mkienda kuwatafuta. Kwa mbio zile wameshafika Simanjiro."

Ulicheka hadi ukashika tumbo, kisha ukavua sweta ukakimbia kumsaidia kuwarudisha. Nilikuona ukiwa mdogo kule mbali, ukipunga mikono. Na hapo, wewe ukiwa huko, ndipo nilipochagua. Nilimwambia Godlisten tunachukua kubwa. Akaniuliza kama tusimsubiri binti. Nikajibu, "Hana neno, atafurahi."

Ulirudi na miiba kwenye soksi, ukakuta imeshafungwa. Hukulalamika. Uliuliza jambo moja tu, tukiwa tunarudi: "Mama, tunataka kupiga picha au tunataka kuonyesha?" Nilikukemea mbele ya Godlisten kwamba hizo si lugha za kumwambia mama. Lakini ulikuwa umenipiga palepale. Nilitaka picha ya ukutani. Nilitaka picha kubwa yenye kioo, ya shamba la mume wangu, ambayo mgeni akiingia asimame.

Kwa hiyo, ukienda kuchagua, usisikilize sana mambo ya kwenye boksi. Kamera zote ni nzuri saa sita mchana. Mwombe muuzaji akuonyeshe picha iliyopigwa kivulini, au alfajiri, uikuze uone kama vivuli vimebaki vivuli au vimekuwa tope. Irushe wewe, asikurushie yeye, na uirushe kwenye upepo wa mahali utakapoishi. Uliza kama mapanga na betri vinapatikana katika mji huo huo, maana betri huchoka kabla ya kamera. Na ujiulize siku ya kawaida, siku una madaftari na njaa, kama utaibeba. Ile kubwa tuliibeba mara chache sana, Eli. Ndogo ungeenda nayo kisimani. Ulilijua hilo ukiwa na miaka kumi na sita, nami nilikuwa nimekuzidi umri tu.

Hayo ndiyo majibu ya swali lako. Sasa nitaandika lile ambalo hukuuliza.

Kule uendako utakutana na wenzako wasiolijua isale, na itakubidi uwaeleze. Utawaambia ni mmea wenye majani marefu, hauna tunda wala ua la maana, na huku mlimani ndio unaopandwa mpakani. Hapa ni kwangu, pale ni kwako, katikati kuna isale, na hakuna anayeling'oa hata kama limeziba njia. Utawaambia pia kwamba mtu akimkosea mwenzake vibaya, kiasi cha kutosalimiana, hukata jani la isale akaenda nalo, na aliyepelekewa hawezi kumfukuza kabla hajamsikiliza. Labda watacheka. Usiwakasirikie.

Ulikuwa tumboni. Baba yako mdogo, ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuwa ameondoka kwenda machimboni Mererani, hakuna habari, hakuna salamu, na watu walianza kumzungumza kama marehemu. Asubuhi moja nilishuka shambani na chai ya baba yako, nikakuta udongo mbichi. Masale machanga yamesimama mstari mzima, kutoka njiani kushuka hadi kijitoni, na pale nilipozoea kuona masale ya zamani pamefukiwa na kupandwa migomba. Nikauliza. Baba yako akasema ya zamani yalikauka.

Isale halikauki, mwanangu. Ukilikata na kulitupa kwenye jiwe, litatafuta udongo. Kila mtoto wa mlimani anajua. Nilimpa chai yake, nikapandisha nyumbani.

Baba yako mdogo alirudi wewe ukiwa umeanza kutembea, amekonda, anakohoa vumbi. Nakumbuka siku aliyozungukia shamba lake. Alitembea kushuka, akapanda, akashuka tena. Hakudai chochote. Baba yako alikuwa mkubwa wake, na alikuwa amemzika baba yao yeye akiwa hayupo. Jioni alikula kwetu, akakupandisha mabegani, na tangu siku hiyo ukawa wa kwake kuliko watoto wake mwenyewe. Sijui nikueleze vipi jinsi nilivyokuwa nikipumua kwa nafuu kila mara alipokuja kukuchekesha, kana kwamba wewe ulikuwa unatulipia.

Kisha baba yako akaugua, na katika siku zake za mwisho akaniambia, "Mnilaze kule chini, karibu na isale." Tukamlaza huko. Nimejiuliza hadi nimechoka. Kaburi huku kwetu ni hati. Aliyezikwa mahali hahamishwi kirahisi. Inawezekana alitaka kukishikilia kipande kile hata akiwa mfu. Inawezekana pia alitaka kulala katika ardhi ya mdogo wake, kwa kuwa hakuweza kumwambia. Nimeishi naye miaka mingi na sijui ni lipi kati ya hayo mawili. Sijapata kumwambia mtu maneno haya hadi leo.

Ndiyo maana, asubuhi ile baada ya mvua, ulipoipandisha droni juu ya shamba, sikuwaza lolote. Ukungu ulikuwa umeondoka, jua linachomoza upande wa Kilimanjaro, kila jani lina kivuli. Wewe ulitaka kushuka chini upige umande kwenye mgomba. Mimi nikasema panda, panda kidogo tena, iingie yote, na kaburi liingie. Ukapanda. Ukapiga ikitazama chini moja kwa moja. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga, na nilikubusu kichwani.

Niliipeleka ikasafishwe kwa ukubwa wa meza, ikawekwa kioo, ikatundikwa kuelekea mlangoni. Niliipita kila siku. Mtu akipita kila siku mbele ya kitu hakioni tena.

Ile Jumapili ya kipaimara cha mtoto wa baba yako mdogo, wageni wakiwa nje uani kwetu wanakula, yeye aliingia kuchukua viti akasimama mbele ya picha. Nilikuwa nyuma yake na sinia, wewe ukiwa na birika. Kisha akanyoosha kidole bila kugusa kioo.

"Shemeji, huu mstari ni wa nini?"

Ndipo nilipouona. Ukiwa shambani huuoni, umo chini ya migomba. Kutoka juu, kwa jua lile la chini, ulikuwa wazi kama mshono kwenye nguo. Migomba iliyopandwa pale palipofukiwa ilikuwa mirefu zaidi na kijani yake imekolea, mstari mmoja ulionyooka, kutoka kwenye jiwe la njiani hadi kijitoni. Masale ya sasa yalikuwa yamejikunja mbali nao, ndani, kwake. Na kaburi la baba yako, jeupe kwa vigae, lilikuwa upande wa pili wa mstari, katika ardhi yake.

Nilisema, "Ni kivuli cha waya wa umeme."

Hakuna waya unaopita pale. Wewe unajua, yeye anajua, kuku wanajua. Alinigeukia akanitazama kwa upole ambao hadi leo sijausahau, akasema, "Kumbe. Basi umeme wenu unatembea chini ya migomba." Akabeba viti vyake viwili, akatoka. Kule nje nilimsikia akiwatania watu kwamba wali wa shemeji umeiva lakini taa zake za ajabu, na watu wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Ulikuwa umesimama na birika. Ulisubiri niseme. Nilikutazama kwa jicho lile ambalo kila mtoto hulijua, na ukanyamaza kwa ajili yangu.

Kesho yake nilikuamuru uifute. Kwenye kadi, kwenye simu, kila mahali. Uliniambia, "Mama, ni mimi niliyeipiga." Nikasema mimi ndiye niliyekununulia cha kupigia. Hukulia. Ulifuta mbele yangu, ukinionyesha kioo cha simu kila hatua, kama mtoto anayeonyesha mikono kwamba amenawa. Kisha ukaifunga droni kwenye begi lake. Tangu hapo hujairusha, wala hujapiga picha hata ya kuku. Ile ya ukutani niliitoa, nikaichoma kwenye jiko la nje, nikatundika ya mlima. Baba yako mdogo alikuja mara moja tu. Akaangalia ukuta, akasema, "Mmebadilisha," akanywa chai hadi mwisho kama mtu mwenye adabu, akaondoka. Hakurudi tena.

Niliichukia ile kamera. Nilijiambia, laiti ningechukua ndogo. Godlisten alishasema kwamba alfajiri ndogo huchanganya vivuli. Isingeuona mstari, tungekuwa na picha ya kijani tupu, na watu wawili ninaowapenda wangekuwa bado wanaingia nyumbani kwangu. Usiku na mchana niliwaza hivyo. Nilikuwa naona nilikosea kuchagua droni. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kujidanganya, Eli, hata akiwa amesoma, hata akiwa anaimba kwaya.

Wiki iliyopita nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwenye simu kwamba ukifika Dodoma hutarudi likizo, utatafuta kibarua huko huko. Ukasema pia hutapita kumuaga baba mdogo, kwa sababu huna uso. Wewe huna uso. Wewe ambaye hukuhamisha isale, hukusema uongo, hukuchoma kitu. Niliketi kwenye kizingiti cha jikoni. Nimezika mume. Sikujua kwamba mtu anaweza kumpoteza mtoto akiwa bado anamsikia akifua nguo.

Leo mchana ulipokwenda kuwaaga wanakwaya, nilishuka shambani na kisu. Nilikata jani kwenye mstari ule ule wa uongo, kwa sababu hatuna mwingine. Nikatembea nalo mkononi, wazi, njia nzima. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji aliliona, akainamisha macho akanipisha.

Nilimkuta baba yako mdogo anarekebisha hori la ng'ombe. Aliniona mimi, kisha jani. Aliweka nyundo chini. Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono taratibu, hadi viwiko, nami nimesimama tu. Akarudi akalipokea kwa mikono miwili.

"Isale silikatai, shemeji. Sema."

Nikasema. Nilianzia kwenye chai ya asubuhi ile, nikamaliza na kukuamuru. Hakunikatiza. Nilipokwisha alikaa juu ya hori.

"Miaka yote hii nilidhani machimbo yaliniharibu kichwa," akasema. "Nakumbuka mgomba wa mama uko kwangu. Nikienda, uko kwenu. Nikajiambia, basi, hewa ya chini imekula akili yangu, ninyamaze nisije nikaitwa kichaa. Hata mke wangu sijawahi kumwambia."

Aliniuliza kama ni kweli wewe ndiye uliyefuta kwa mkono wako. Nikamwambia nilikulazimisha. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, akasema, "Mtoto yule." Kisha akasema anataka kuuona ule mstari tena. Si kwa ajili ya baraza la kata, wala wazee. Anataka kuuona kwa macho yake ajue hakuwa kichaa.

Nikamuuliza, na kaburi?

Alilichomeka jani juu ya mlango wa banda, akaokota nyundo yake. "Kwanza nione," akasema.

Mwanangu, sijui baada ya kuona atasema nini. Anaweza kutaka ardhi yake, na ni haki yake, na baba yako atakuwa amelala kwa mtu. Anaweza kutaka tumwondoe. Bibi sijamwambia, na yeye ndiye mama yao wote wawili. Lakini niliondoka pale nikiwa nimemwahidi kwamba kesho jua likichomoza ataona.

Na sina cha kumwonyesha.

Jioni hii, kabla hujarudi, niliichukua droni nyuma ya banda. Nilidhani kwa kuwa nimekutazama mara nyingi, mikono yangu itajua. Ilipaa. Ilipofika juu ya paa nikaogopa, nikasukuma kijiti cha rimoti nisichojua ni cha nini, ikaenda kando ikaangukia kwenye kahawa. Panga moja lilivunjika. Nimelibadilisha kama nilivyokuona ukifanya, lenye alama kwenye mkono wenye alama, lisilo na alama kwenye mkono usio na alama. Bibi alitoka akauliza kama nyuki wamehama. Nikamwambia ndiyo.

Kwa hiyo nakuomba, na hili ndilo nililokuwa nalizunguka tangu ukurasa wa kwanza. Kesho, kabla ya basi, irushe mara moja. Ile kubwa, kwa kuwa ndiyo inayoona vivuli, na kwa mkono wako, kwa kuwa wangu haujui. Mvua ilinyesha juzi, migomba imeshiba, na leo machweo nyuma ya Meru hapakuwa na wingu. Huenda mstari ukaonekana. Huenda usionekane, majani yamekua tangu wakati ule, na nitakuwa nimekosa kila kitu kwa uvivu wa kusema mapema. Sijui. Nimepiga magoti tangu jioni kuomba jua, jambo ambalo sijawahi kuliomba maishani.

Ukikataa, nitaelewa. Sitakugongea mlango asubuhi. Utapita sebuleni na begi lako, nitakusindikiza hadi stendi, nitakununulia maji, sitataja neno. Huu si mtego wa mama. Umebeba uongo wangu kwa muda wa kutosha, na kama umechoka hata kubeba ukweli wangu, nenda mwanangu, nenda salama, na siku moja ununue ile ndogo ya kijivu upige umande.

Lakini ukikubali, panda hadi juu kama siku ile. Baba yako mdogo atakuwa kwenye jiwe la njiani. Mimi nitasimama chini, kati ya kaburi la baba yako na mstari, nimevaa kitenge changu cha njano ili unione. Usinikate kwenye picha. Nataka nionekane nimesimama upande gani.

Na ukishaipiga, usiniletee mimi kwanza. Mpe yeye rimoti, umwonyeshe mwenyewe, umwache atazame hadi atosheke. Muage ukiwa na uso wako, kwa maana ni wako, hakuna aliyeuchukua. Mimi nitabaki palepale hadi mmoja wenu aniite.

Betri zote zimejaa. Nimezipanga mezani, karibu na chai yako.

Mama yako